Uwanja mpana, mikono imefungwa: uhuru wa mchezaji hutoka wapi kwenye gemu la bunduki?

Kwenye vibanda vya gemu vya Mwanza, kuanzia Mabatini mpaka Igoma, mpira ndio unaotawala skrini. Lakini akitokea mtu akaomba awekewe gemu la bunduki, ubishi hauchelewi, na mara nyingi ni ubishi wa ukubwa. Hili lina ramani kubwa, unakwenda popote. Lile dogo, unaburuzwa tu. Anayetetea ramani kubwa hudhani ameshamaliza kazi akishataja kilomita. Mimi naona kilomita hazitusaidii. Yapo magemu yenye nchi nzima ndani yake ambamo unaweza kucheza wiki bila kufanya uamuzi hata mmoja wa maana, na yapo yenye kisiwa kimoja tu ambacho kila ukikirudia unatoka na mkasa mwingine.

Tuelewane kwanza. Gemu la bunduki ninalolisema hapa ni lile unaloliona kwa macho ya mhusika mwenyewe: kwenye skrini kuna mikono yake na mtutu, basi. Levo ni kipande kimoja cha gemu hilo, chenye mahali pa kuanzia, maadui wake na mahali pa kutokea. Levo huria ni ile ambayo aliyeitengeneza hakukuamulia utaimalizaje. Kinyume chake ni levo ya kichochoro: unaingia huku, unatokea kule, katikati unafyatua.

Mkanganyiko unaanzia hapo, kwa sababu uhuru wa namna tatu umetiwa kwenye gunia moja. Upo uhuru wa njia: naweza kupita kushoto badala ya kulia? Upo uhuru wa mpangilio: naweza kuanza na kazi ya tatu, ya kwanza nikaifanya mwisho? Na upo uhuru wa mbinu: nikishafika penye adui, lazima nimpige risasi, au naweza kumkwepa, kumzimia taa, kumvuta akaondoka mwenyewe? Gemu linaweza kukupa mmoja likakunyima mingine miwili, na wabishi wawili wakawa wote wana haki.

Chukua Doom, gemu la kampuni ya id Software ya Marekani lililotoka Desemba 1993. Ipo picha inayozunguka mtandaoni kwa miaka mingi: upande mmoja levo ya Doom, vyumba na kona zimesongamana, upande wa pili levo ya 2010, mstari ulionyooka wenye kipande cha filamu kila baada ya hatua chache. Watu huicheka na kusema zamani tulikuwa huru. Ni nusu ya ukweli. Ukiifuata levo ya Doom kwa kidole utakuta milango yenye rangi: bluu, njano, nyekundu. Kila rangi ina ufunguo wake, na ufunguo uko mahali pamoja. Unaweza kupotea upendavyo, ukatafuta vyumba vya siri, ukarudi ulikotoka. Lakini mlango mwekundu haufunguki bila ufunguo mwekundu, na mara nyingi ufunguo huo nao umefichwa nyuma ya mlango wa rangi nyingine. Njia nyingi, mpangilio mmoja.

Kwa upande wa mbinu, Doom ilikuwa na mbegu ambayo wengi wanaisahau. Zimwi mmoja akirusha moto, ukakukosa wewe ukampata zimwi wa aina nyingine, hao wawili wanaanza kupigana wenyewe. Mchezaji anayelijua hilo hupunguza kufyatua; anajiweka katikati yao, anakwepa, kisha anawaacha wamalizane ili abaki na risasi zake. Hakuna mahali ambapo msanifu ameandika kwamba hapa mchezaji agombanishe mazimwi. Kuna kanuni moja tu ndani ya gemu, nayo inafanya kazi kila chumba, hata kile ambacho msanifu hakuifikiria. Iweke akilini kanuni hiyo, tutaihitaji.

Miaka minne baadaye, 1997, kampuni ya Rare ya Uingereza ilitoa GoldenEye 007 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64. Aliyeliongoza gemu hilo, Martin Hollis, ameeleza kwamba waliojenga maeneo yake mara nyingi walijenga kwanza bila kujua mchezaji ataanzia wapi wala atatokea wapi. Kazi na maadui viliingizwa baadaye. Kwa kanuni za darasani huo ni uzembe, lakini matokeo yake unayaona ukicheza: kuna chumba kisicho na kazi yoyote, kuna mlango wa pili ambao hukuuhitaji, na jengo linaonekana kama lilikuwepo kabla hujafika. Levo ya kwanza iko kwenye bwawa. Anayecheza kwa ugumu wa chini ana kazi moja: afike kwenye jukwaa na kujirusha kwa kamba. Akipandisha ugumu ngazi moja, anaongezewa kuzima kengele zote za hatari. Akipandisha tena, kuna kifaa cha kufunga na data za kunasa. Bwawa ni lilelile na zege ni lilelile. Kilichoongezeka ni sababu ya kwenda kona ambazo jana ulizipita mbio, na sasa ni juu yako uanze na ipi.

Kichochoro nacho kina ufundi wake, na si haki kukisema vibaya bila kukieleza. Watu hudhani kinajengwa kwa kuta. Kuta ni sehemu ndogo. Kinachokibana zaidi ni mistari isiyoonekana sakafuni: mguu wako ukivuka hapa, helikopta inaanguka, ukivuka pale, mlango unafunguka na mwenzako anapiga kelele. Half-Life ya mwaka 1998 ilitumia mistari hiyo kwa ustadi ambao wengi wameuiga mpaka leo, na ni gemu zuri hasa. Ila ukitaka kuuona ubaya wa mistari hiyo, cheza Call of Duty 4: Modern Warfare ya mwaka 2007 kwa ukaidi. Kuna sehemu ambazo maadui wanamiminika bila kikomo mpaka uvuke mstari. Jibanze nyuma ya gari bovu, ua ishirini, watakuja ishirini wengine kutoka mlango uleule. Kimbia hatua chache mbele, wanakoma. Gemu limekuficha ukweli: ulikuwa hupambani na watu, ulikuwa unangojewa usogee.

Kati ya hayo mawili kuna aina ambayo kwangu ndiyo iliyozaa levo bora zaidi: mstari mpana. Halo ya kampuni ya Bungie, iliyotoka Novemba 2001 pamoja na mashine ya kwanza ya Xbox, ina levo ya kisiwa ambayo wasanifu bado wanaisoma. Unashushwa ufukweni na askari wenzako, unaletewa gari, unaendesha kando ya maji huku milima ikiwa upande mmoja na bahari upande mwingine. Ukifika kwenye jengo unalolitafuta, maadui wanakufungia mlango. Inabidi uende sehemu nyingine ya kisiwa kuufungua, kisha urudi. Tazama: mpangilio umefungwa kabisa. Lakini kila pambano lina uwanja wa kutosha kuingia kwa gari ukiwagonga, kwa miguu ukizunguka nyuma ya mawe, au kwa bunduki ya mbali kutoka kilimani. Na maadui wenyewe wana tabia. Wale wadogo wanapigana kwa ujasiri mpaka kiongozi wao aanguke, hapo wanatupa mikono juu na kukimbia. Kwa hiyo swali la nianze na nani lina jibu zaidi ya moja, na kila jibu lina gharama yake. Levo hiyo si kubwa. Ukiipima kwa kilomita inashindwa na nusu ya magemu ya leo.

Sasa twende mbali zaidi, kwenye Deus Ex ya mwaka 2000, iliyoongozwa na Warren Spector. Misheni ya kwanza iko kwenye kisiwa cha Sanamu ya Uhuru, New York, ambacho kimetekwa. Kabla hujatoka gatini unaulizwa unataka silaha gani ya ziada, na jibu lako tayari linaanza kuchora levo yako: roketi, bunduki ya mbali, au upinde wenye mishale ya kulaza watu usingizi. Mbele kuna mlango mkuu wenye ulinzi. Upande mmoja wa kisiwa kuna mtu ambaye ukizungumza naye vizuri anakupa ufunguo. Nyuma kuna makasha ambayo unaweza kuyapanda ukaingia kwa juu. Kiongozi wa watekaji, ukimfikia, unaweza kumpiga au kumsikiliza. Na ukirudi kazini, wenzako wanakuzungumzia kulingana na ulivyofanya: anayechukia umwagaji damu anakununia, anayeupenda anakusifu.

Gemu hilo ndilo lililoleta kisa ambacho wasanifu hawachoki kukisimulia. Ndani yake kuna bomu dogo la kubandika ukutani. Bomu lilipewa ugumu kama kitu kingine chochote, maana yake unaweza kulikanyaga. Wachezaji wakagundua kwamba ukibandika moja, ukalirukia, ukabandika la pili juu yake, ukaendelea, unaweza kupanda ukuta ambao hakuna aliyetegemea uupande, na kuruka sehemu nzima za levo. Je, hiyo ni hitilafu? Msanifu wa kichochoro atasema ndiyo na kuiziba kesho yake asubuhi. Msanifu wa levo huria atakuna kichwa. Kanuni zake mwenyewe ndizo zilizoruhusu: bomu linanata, kitu kigumu kinakanyagika, mtu anaruka. Mchezaji amezijumlisha tu.

Ukiweka Doom, Halo na Deus Ex pamoja, utaona kinachozifananisha, nacho si upana. Uhuru unatokea mambo mawili yakikutana. La kwanza, mchezaji anaona hali kabla ya kuamua. La pili, vitu vilivyomo vinatii kanuni zilezile kila mahali, kiasi kwamba anaweza kukisia kitakachotokea. Ukikosa la kwanza, uchaguzi unakuwa bahati nasibu. Ukikosa la pili, mchezaji hafikirii tena. Anabaki kubahatisha msanifu alitaka nini. Mlango huu wa mbao unavunjika lakini ule wa mbao hauvunjiki, kwa nini? Kwa sababu mwenye gemu amesema. Mchezaji akishajibiwa hivyo mara mbili, anaacha kujaribu, hata umpe uwanja mpana namna gani.

Clint Hocking, aliyeongoza Far Cry 2 ya mwaka 2008, amelizungumzia sana suala hili la mchezaji kupanga na kutekeleza, kisha mpango kuvurugika na kulazimika kubuni papo hapo. Gemu lake ni mfano mzuri kwa uzuri na kwa ubaya, na sisi huku linatuhusu zaidi kwa sababu limewekwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina. Eneo lake ni takribani kilomita 50 za mraba. Moto ukiwashwa kwenye nyasi kavu unasambaa, na upepo unaamua uende wapi; unaweza kuwachoma maadui nao, au ukageuka ukakuchoma mwenyewe. Bunduki kuukuu inakwama katikati ya mapambano. Mhusika ana malaria, homa inampanda bila kubisha hodi, anatafuta vidonge huku risasi zinapita. Hata ramani ni karatasi anayoishika mkononi, na ukiitazama gemu halisimami kukusubiri. Kila kitu kimewekwa ili mpango wako uharibike kidogo, usiharibike wote.

Halafu kuna vituo vya ulinzi barabarani. Unakisafisha, unaondoka, ukirudi baadaye kimejaa watu tena, wamekaa vilevile kana kwamba hukupita. Kwa maneno mengine, uamuzi wako haukuacha alama. Wachezaji walilalamika sana, na Far Cry 3 ya mwaka 2012 ikarekebisha: kambi ukishaiteka ni yako, na barabara zake zinatulia. Humo pia wakaongeza kamera ya kuwachunguza walinzi kutoka mbali, kengele unayoweza kuiharibu kabla hawajaita msaada, na mnyama mkali kwenye kizimba ambacho unaweza kukifungua kwa risasi moja ukamwacha awafanyie kazi. Nina lalamiko jingine kuhusu Far Cry 2 ambalo halihusu vituo. Nchi nzima ya Afrika, na raia wa kawaida karibu hawaonekani, ukiondoa waliojificha wakisubiri hati za kusafiria. Hakuna soko, hakuna mama ntilie, hakuna bodaboda anayekuuliza unaenda wapi kaka. Wengine wataona ni lawama ya siasa. Mimi naiona pia kama lawama ya ufundi. Mahali pasipo na watu wa kuwaonea huruma, kila risasi ni sawa na nyingine.

Sasa, kama uhuru ni mzuri hivyo, kwa nini wanaendelea kujenga vichochoro? Fedha na kumbukumbu ya mashine. Kwenye kichochoro, kila mchezaji anaona kila ulichojenga. Kwenye levo huria, ukijenga njia nne, wengi watapita moja na kuondoka. Kazi ya miezi inabaki gizani. Mashine nayo ina mipaka: PlayStation 2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32, Xbox ya kwanza 64. Mlango unaojifunga nyuma yako, au ukingo unaoruka chini na huwezi kuupanda tena, mara nyingi upo ili mashine isahau ulikotoka na kupata nafasi ya kubeba unakokwenda. Maadui nao wanahitaji kuambiwa wapi panapitika, wapi pa kujificha, wafanye nini mchezaji asipokuja kutoka upande waliotegemea. Kwenye kichochoro msanifu anajua mchezaji atatokea mlangoni. Kwenye uwanja anaweza kutokea juu ya paa, na mlinzi asiyejua kuinua kichwa anageuka kichekesho. Watengenezaji wa S.T.A.L.K.E.R., kampuni ya GSC Game World ya Kyiv, walikwenda mbali hadi kuwafanya viumbe na watu wa gemu lao la 2007 waendelee na shughuli zao hata pale mchezaji alipo mbali. Lilitoka likiwa na hitilafu nyingi, na watu wakalipenda hivyo hivyo.

Nadharia inatosha. Tuseme wewe ni kijana wa hapa unayetaka kutengeneza levo yako, na hutaki kuiga jangwa la Mashariki ya Kati wala theluji ya Urusi. Weka mwalo, yaani pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Kando ya ziwa kuna ghala la mabati. Ndani yake kundi lenye silaha linaficha makokoro na nyavu nyingine haramu, pamoja na daftari lenye majina ya wanunuzi wao. Kazi ya mchezaji ni kutoka na daftari.

Toleo la kwanza litakuja lenyewe: geti, ua, walinzi wanne, mlango wa ghala, daftari. Hicho ni kichochoro, hata ukikipa ukubwa wa Ilemela nzima. Toleo la pili ndilo wengi wanaloishia: unaongeza njia. Geti, tundu kwenye uzio upande wa kulia, mfereji upande wa kushoto. Mchezaji anafika njia panda, anaona mianya mitatu ya giza, anachagua mmoja bila sababu, na yote mitatu inamtoa ndani ya ua uleule. Wewe umejenga mara tatu, yeye ameona mara moja, na hakuna alichoamua.

Kwenye toleo la tatu usiongeze chochote. Mhamishe mchezaji. Aanzie juu ya mawe, yale makubwa yaliyobebana ambayo Mwanza inayo kila upande, mwalo wote ukiwa chini yake. Kutoka pale anaona jenereta chini ya kibanda na waya unaokwenda kwenye taa za ghala. Anaona mlinzi mmoja anayeshuka majini kuvuta sigara kisha anarudi. Anaona safu za vichanja vya dagaa, mitumbwi iliyovutwa mchangani, lori la barafu linalosubiri getini, na ndege wakubwa wanaookota mabaki ya samaki. Hajafyatua hata risasi moja na tayari levo imeanza kichwani mwake.

Kila alichokiona sasa kiwe na kanuni. Jenereta likizimwa, taa zinazimika, lakini mlinzi anakuja kuangalia na mwenzake anabaki macho mlangoni. Vichanja vinamficha mtu aliyeinama, ila havizuii risasi. Mtumbwi wa injini unatoroka upesi na kila mtu anausikia. Wa kasia hausikiki, lakini mwendo wake ni wa pole na ziwa halina pa kujificha. Ndege wakisogelewa wanaruka kwa kishindo, na mlinzi yeyote aliye karibu anageuka. Mchezaji mpya atawalaani ndege hao. Mchezaji wa siku ya pili atarusha jiwe upande wa pili wa mwalo ili waruke kule, apite huku. Ni ile kanuni ya mazimwi ya Doom, sasa ikiwa na manyoya.

Halafu mpe uchaguzi wa usiku. Dagaa huvuliwa kwa taa, na kazi hiyo hunoga wakati wa giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi hupumzika. Akija usiku wa giza, anajificha kirahisi, lakini ziwa limejaa taa za wavuvi, na ikikaribia alfajiri mitumbwi inarudi, akina mama wa dagaa wanafika na ndoo zao, na kila risasi inaweza kumpata mtu asiyehusika. Akija kwenye mbalamwezi, mwalo ni mtupu na ghala limelala, lakini kivuli chake kinaonekana kutoka mbali. Swali la nije lini limekuwa sehemu ya levo, na hukujenga ukuta hata mmoja wa ziada.

Kuna mambo mawili yatakayokusumbua. La kwanza ni kupotea. John Romero, mmoja wa waliojenga Doom, alikuwa na kanuni ya kumrudisha mchezaji kwenye eneo lilelile mara kadhaa ili alielewe, na ya kusambaza alama za kutambulisha mahali. Mgeni akipotea Mwanza huinua macho akaitafuta hospitali ya Bugando juu ya kilima, akajua mjini ni upande gani. Levo yako nayo iwe na kitu cha namna hiyo, kinachoonekana kutoka kila kona, ili usilazimike kuweka mshale unaomwelekeza kama mtoto. Lile rundo la mawe alikoanzia linatosha. La pili ni mawe yenyewe. Jiwe la mviringo ni adui wa msanifu: mchezaji atatafuta mwanya, ataruka mara thelathini, ataingia katikati ya mawe mawili na kukwama. Utashawishika kuweka kuta zisizoonekana. Usiweke. Jiwe lisilopandika lionekane halipandiki, liwe refu na laini. Linalopandika liwe na ngazi za asili. Mchezaji akigonga hewa ngumu mara moja tu, ataacha kuyaamini mawe yote.

Na akionekana? Usimrudishe mwanzo. Kengele ilie, lori lizibe geti, walinzi wawili wakimbilie mitumbwi, lakini daftari liwe bado linachukulika. Magemu ya kompyuta yana tabia ya kumruhusu mchezaji kusevu kila hatua, naye akikosea kidogo anarudi sekunde kumi nyuma. Anamaliza levo bila doa na hana cha kusimulia.

Ukimaliza, mkalishe mtu aicheze, na ufunge mdomo. Msikilize anavyouliza. Akisema "sasa naenda wapi?", bado una kazi. Akisema "oya, nikizima ile taa, yule jamaa atakuja?", usimjibu. Mwache azime.

Wanaocheza kwenye simu watauliza mbona sijawataja. Kwao hesabu ni nyepesi kidogo, kwa sababu adui ni binadamu, na binadamu hahitaji kuandikiwa tabia. Hata kwenye kompyuta ni hivyo: ramani ya Dust2 ya Counter-Strike, gemu la timu mbili kupambana, iliyotengenezwa na David Johnston mwaka 2001, ina sehemu mbili za kutega bomu na njia chache tu, tena fupi, na watu bado wanapigana humo hadi leo. Ufundi wake uko kwenye muda: timu mbili zinakutana kwenye vizingiti vilevile karibu wakati mmoja, kwa hiyo sekunde chache za kuwahi au kuchelewa zinabadilisha kila kitu. PUBG, inayochezwa pia kwenye simu, imekwenda upande mwingine, kisiwa cha Erangel cha kilomita 8 kwa 8 na wachezaji 100, na ingekuwa matembezi tu kama si ile duara inayozidi kubana. Uwanja mpana umelazimika kugeuzwa kichochoro taratibu ili watu wakutane. Wanaotaja kilomita wasisahau hilo.

Vibanda vyetu navyo vina sababu yao ya kupenda mpira, na si ushabiki peke yake. Unalipia muda. Mechi ina mwisho. Misheni kama ile ya Sanamu ya Uhuru inakutaka ukae juu ya jiwe ukiangalia walinzi wakizunguka, na kila dakika ya kuangalia unailipia, huku aliye nyuma yako anauliza mbona hupigi. Ukirudi kesho unakuta mtu ameshasevu juu ya kazi yako. Levo huria zilitengenezwa zikimfikiria mtu mwenye mashine nyumbani na jioni ndefu. Ningependa kuona msanifu wa huku akitengeneza levo huria ya dakika kumi na tano, inayomalizika kwa mkao mmoja na kumfanya aliye nyuma aseme na mimi nijaribu kwa njia yangu. Hitman, gemu la muuaji wa kukodiwa, na magemu ya jamii yake yamekaribia hapo, ingawa hayo huonwa kutoka nyuma ya mhusika.

Mwenye hamu ya kujaribu hahitaji kompyuta ya kutisha. Msimbo wa Doom uliwekwa wazi mwaka 1997, ipo Freedoom inayotoa picha na sauti za bure za kutumia nao, na programu za kuchora ramani zake, kama Ultimate Doom Builder, nazo ni za bure. Mwalo wetu unaweza kuanza humo: mawe ya kupanda, maji, ghala, taa zinazozimika kwa swichi. Daraja la kuvuka ziwa, kama la Kigongo–Busisi, ndilo uliache kwanza. Doom ya asili haijui kuweka sakafu juu ya sakafu, kwa hiyo huwezi kupitisha mtu darajani na mtumbwi chini yake mahali pamoja. Kwa daraja, hamia Quake ya mwaka 1996, ambayo ndani yake juu na chini ni vitu viwili tofauti; ramani zake huchorwa na watu wengi kwa TrenchBroom, nayo haiuzwi.